Mshono wa Simonne

Mlango wa tramu ulikataa kufunga. Ilikuwa saa ya watu kutoka kazini, uwanja wa stesheni ya Gent, Ubelgiji, umejaa baiskeli na mvua. Dereva Wannes Dhaenens alipotazama kioo chake aliona pembe mbili nyeupe zimekwama mlangoni. Chini ya pembe palikuwa na mwanamke. Alivaa jinzi na koti la mvua la njano, na kichwani kilemba cha waya kilichofunikwa ushungi wa kitani, kama walivyovaa wake wa matajiri wa Flandria karibu miaka mia sita iliyopita.

Wannes akatoka kwenye kiti chake.

"Dada, ama uingize pembe, ama ushuke nazo."

"Naziingiza. Mlango wako ndio mdogo."

"Mlango huu unapitisha baiskeli."

"Baiskeli haikupigwa pasi asubuhi nzima. Usishike ushungi na mikono hiyo, kaka. Shika waya."

Akashika waya. Bibi mmoja wa kiti cha mbele aliuliza kama kuna ng'ombe wengine wanaopanda, watu wakacheka. Wannes alikiinamisha kichwa cha yule mwanamke taratibu, kama fundi anayepitisha kioo cha dirisha, pembe zikaingia.

"Si ungekiweka kwenye boksi?"

"Boksi limelowa. Mahali pakavu palipobaki ni kichwani."

Alipaswa kurudi kuendesha. Badala yake alizitazama pini zilizoshikilia ushungi. "Hizi zina vichwa vya plastiki. Wakati huo plastiki haikuwepo."

"Na wewe unajua ya wakati huo?"

"Niko chama cha Kengele Tatu, cha watu wanaoigiza maisha ya zama zile. Mimi ndiye mkaguzi wa mavazi langoni, siku ya tamasha."

"Kumbe wewe ndiye unayetukanwa na kila mtu."

"Ndiye mimi."

Mwanamke huyo aliitwa Goedele Rombaut, na alikuwa anauza miwani. Wiki iliyofuata Wannes alimpelekea dukani pini za shaba, amezifunga kwenye karatasi ya chipsi. Wanaume wengine huleta maua. Goedele alizipenda zile pini, na hapo ndipo walipoanza.

Akawa anampigia simu kila tramu inapofika mwisho wa njia.

"Umekula, pembe zangu?"

"Nimekula, mkaguzi. Na wewe?"

"Mkate na jibini."

"Umelitenganisha jibini la karne ya kumi na tano na la leo?"

"Nitakukata ulimi."

"Njoo uukate."

Goedele aliishi na mama yake, Simonne, aliyekuwa ameshona mapazia maisha yake yote mpaka baridi yabisi ikampinda vidole. Jumapili Simonne aliwakaribisha kwa mastel, mikate midogo ya mdalasini. Aliipasua, akaipaka siagi na sukari, kisha akaipiga pasi ileile ya nguo mpaka ikawa bapa na sukari ikawa gundi. Wannes alikuwa akila mkate wa tatu siku alipotamka maneno yake.

"Mtu anayeshona gauni la zama zile kwa cherehani anacheza kanivali. Mimi ningemrudisha langoni hata mama yangu."

Simonne alicheka, na kwa mguu akasukuma mfuko mmoja chini ya meza. Ndani ya mfuko mlikuwa na gauni la sufu ya kijani, mikono mipana, la Goedele. Simonne alikuwa amesema binti yake atavaa kazi ya mikono yake. Lakini vidole havikushika sindano tena, kwa hiyo alitumia cherehani. Goedele alishona kwa mkono yale mapindo tu yanayoonekana nje.

"Usimwambie," Simonne alimwambia binti yake Wannes alipoondoka. "Nikimaliza nitamwambia mwenyewe. Nataka nimwone anavyobadilika rangi."

Alimaliza gauni. Kumwambia hakuwahi. Ugonjwa wa mapafu ulimchukua mwezi wa tano, na Wannes alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Baada ya hapo, Wannes alipouliza kama gauni limeshonwa kwa mkono, Goedele alijibu ndiyo. Angejibu vingine angelia, na alikuwa amechoka kulia.

Siku ya tamasha foleni ilikuwa ndefu mbele ya lango la ngome. Wannes alikuwa ametoka kumrudisha mke wa mwoka mikate kwa sababu ya kofia isiyo ya zama zile, na mama huyo alikuwa bado amesimama pembeni akifuta macho. Zamu ya Goedele ikafika, amevaa lile gauni la kijani, pembe zimenyooka, pini za shaba zinang'aa. Wannes alitabasamu. Halafu akageuza pindo ndani nje, kama alivyowafanyia wote, na tabasamu likaisha.

"Hii ni cherehani."

"Wannes, niache nipite. Nitakueleza nyumbani."

"Uliniambia ni mkono."

"Nilikuambia. Nakuomba unipitishe."

"Sisi turudishwe kwa kofia," mke wa mwoka mikate akasema, "na mchumba wake apite na cherehani nzima."

Watu walikuwa wanamtazama Wannes. Kuna wanaume wanaozijua sheria kuliko wanavyowajua watu, na yeye alikuwa mmojawapo.

"Sheria ni moja. Rudi nyumbani, Goedele."

Goedele alivua kilemba, akafungua mkanda, akavua gauni kupitia kichwani. Ndani alikuwa na kanzu ya kitani inayofika miguuni. Alilaza gauni mezani mbele ya Wannes.

"Kaa nalo, mkaguzi. Likague vizuri."

Akavaa pembe zake na kwenda kituoni na kanzu ya ndani.

Wannes alipiga simu mpaka akachoka, haikupokelewa. Majani yalipoanza kuanguka alipata wazo, na aliliona zuri. Kila alipotoka zamu alikaa sebuleni na wembe mdogo, akafumua mishono ya lile gauni. Nyuzi za kijani zilianguka kwenye zulia, zimejikunja mawimbi mawimbi kwa jinsi zilivyokaa ndani ya mshono wa cherehani. Akazifyonza kwa mashine ya vumbi. Kisha akaanza kushona upya kwa mkono, yeye ambaye maisha yake yote alikuwa amekagua mishono mingi kuliko aliyoshona.

Mwezi wa pili Goedele alipiga mwenyewe.

"Nataka gauni langu."

"Utalipata, pembe zangu. Nipe mpaka Pasaka."

"Usiniite hivyo. Lina nini?"

"Liko salama. Goedele, nilikosea pale langoni."

"Kuna jambo hukulijua. Ile mishono ya ndani..."

"Najua yote. Tusiliongelee kwenye simu, nina abiria. Utaona mwenyewe."

Wannes alidhani Goedele anataka kuomba radhi kwa kumdanganya. Goedele alidhani shangazi yake, aliyeijua siri ya cherehani, amemweleza Wannes habari za Simonne. Jioni hiyo aliitoa kabatini pasi ya mama yake, mara ya kwanza tangu mazishi.

Pasaka ilipofika alimfungulia mlango akiwa na gauni la bluu lenye vifungo mbele, nywele ameziachia, midomo ameipaka rangi. Nyumba ilinukia siagi na mdalasini. Alimpa shavu, Wannes akalibusu. Halafu Wannes akatandaza gauni la kijani mezani.

"Gusa."

Goedele alipitisha kidole ndani, kwenye mshono wa ubavuni. Kidole kikasimama.

"Hii ni nini?"

"Mkono. Kuanzia kwapa mpaka pindo, na mikono yote miwili. Uzi wa kitani, nimeupaka nta. Hakuna mkaguzi atakayekurudisha." Ncha za vidole vyake zilikuwa zimetobokatoboka. "Na mimi ukaguzi nimeuacha. Kiangazi hiki nataka tupite pamoja, umejifunga ushungi wa mke wa mtu, na mtu huyo awe mimi."

"Uzi wa zamani uko wapi?"

"Ule wa cherehani? Niliufyonza na vumbi."

"Wote?"

"Wote. Kwa nini?"

"Ulisema unajua."

"Nilijua ulitumia cherehani ukaogopa kuniambia. Hilo nimeshalisamehe."

"Alishona mama, Wannes. Alikaa hapo ulipokaa. Alikuwa akishona kidogo, anapumzisha vidole, anashona tena. Ndiyo kazi yake ya mwisho."

Pasi ilikuwa imesahaulika juu ya mkate. Sukari ikaanza kuungua. Goedele akaenda kuichomoa umeme, akabaki amesimama huko.

"Ungeniambia pale langoni," Wannes akasema.

"Mbele ya foleni, ili kifo cha mama kiwe tiketi yangu? Ungeniuliza kwa nini. Neno moja tu."

"Nililifanya hili kwa kukupenda."

"Najua. Ningekuwa na hasira ingekuwa rahisi. Umeshona vizuri, mshono wako umenyooka kuliko wake. Lakini kila nikilivaa nitakukuta wewe mahali pa mama."

"Basi nifanye nini?"

"Kunywa kahawa yako, mpenzi. Halafu uende."

Akainywa, ingawa ilikuwa ya moto, akaenda.

Jioni ya tamasha la kiangazi Wannes alikuwa kazini. Kwenye kituo cha ngome aliona pembe mbili kati ya watu. Goedele aliinamisha kichwa mwenyewe, akaingia bila kugusa mlango, amevaa lile gauni la kijani. Alisimama karibu na dereva.

"Walikupitisha?"

"Mkaguzi mpya aliwaita wenzake waje kuangalia mishono. Akauliza nani kashona."

"Ukamwambiaje?"

"Nilisema mama."

Wannes alitikisa kichwa kukubali. Tramu ilipofika kituo cha Goedele, alitoa mfukoni mwa shati kikaratasi kilichokunjwa. Ndani mlikuwa na kipande cha uzi wa kijani, urefu wa kidole, bado kimejikunja mawimbi.

"Kilikuwa kimejizungusha kwenye gurudumu la kiti changu cha sebuleni. Nimetafuta kila mahali. Ni hicho tu."

Goedele alikitazama sana. Alichomoa pini moja ya shaba kwenye ushungi, akaizungushia ule uzi, akaichomeka ndani ya ukosi wa gauni. Akashuka.

Wannes aliacha mlango wazi. Tramu ya nyuma ikagonga kengele, abiria wakaanza kunung'unika. Goedele akageuka pale kituoni, ushungi ukipepea.

"Funga mlango, Wannes," akasema. "Watu wanataka kufika nyumbani."