Picha Arobaini za Giza

Foleni ya eksirei Jumatatu asubuhi haina adabu. Kila mtu anaumwa kuliko mwenzake, kila mtu alifika kabla ya mwenzake, na mabenchi ni mawili. Mwanamke wa chumba cha mashine, mwenye koti jeupe lililopauka na viatu vya mpira vya kijani, alifungua mlango akaita namba sitini na moja kwa sauti ya mtu ambaye hajakaa chini tangu alipoamka.

Akaingia mwanamume mrefu wa makamo, mkono wa kushoto ameubeba kwa mkono wa kulia. Shati lake la mistari lilikuwa limepigwa pasi likanyooka, lakini masikioni alikuwa na unga.

"Umefanyaje?"

"Nimeanguka kwenye ngazi za kwenda juu ya paa."

"Juu ya paa ulifuata nini?"

"Nyota."

Alimtazama vizuri. Kwa miaka kumi na moja alikuwa ameambiwa mengi na watu waliovunjika, wakiwemo waliopigwa na milango isiyo na hatia, lakini nyota hakuwahi kuambiwa.

"Weka mkono hapa. Usitingishike."

"Itachukua muda gani?"

"Hata sekunde haifiki."

"Una bahati, dada. Mimi nahitaji dakika ishirini, na bado picha inatoka na ukungu."

Alicheka. Mwanamume naye akacheka, mkono ukatingishika, picha ikabidi irudiwe.

Mfupa ulikuwa mzima. Kesho yake mchana mwanamume akarudi na mkate wa moto ndani ya karatasi, akauacha dirishani pa mapokezi. "Wa Dada Sekunde," alisema, na tangu siku hiyo hospitali nzima ikawa na jina jipya la kumtania. Naye akamlipiza kwa kumwita Dakika.

Dakika alikuwa mwoka mikate. Saa kumi alfajiri tanuri lilimtaka kazini, kwa hiyo aliamka saa tisa, akapanda juu ya paa la jengo alilopanga, akaweka kamera kwenye kifaa kidogo kinachoizungusha taratibu kufuata nyota. Alipiga picha arobaini, kila moja sekunde thelathini, kisha kompyuta ikazijumlisha kuwa moja. Dakika ishirini, basi. Kwenye kundi lao la simu wenzake wa kupiga picha za nyota walikusanya saa ishirini kwa picha moja ya galaksi, na walimsimanga: "Wewe umepiga picha au umechungulia?" Hakujali. Katika hizo dakika zake lile wingu la gesi, chini ya nyota tatu zilizojipanga mstari, lilitoka jekundu kwa haya, na alilipenda hivyo hivyo.

Kamera ikiwa kazini, alimpigia Sekunde.

"Umelala?"

"Nimelala."

"Basi usiamke, nisikilize tu. Leo anga limetakata."

"Una dakika ngapi?"

"Ishirini. Kamera inafanya kazi, mimi sina la kufanya ila kukupenda."

"Nipende polepole, laazizi. Nina zamu asubuhi."

Ndivyo walivyopendana, kwa vipande. Jioni walikuwa na saa moja, Sekunde akitoka kazini miguu imevimba, Dakika akipigana na usingizi. Mara nyingi walikaa kwenye kochi lililochakaa la Dakika wakanywa chai bila kusema, na mmoja akaanza kukoroma. Sekunde alikuwa na miaka thelathini na sita. Alijua huyu ndiye wa mwisho. Akimkosa, hatakuwa na nguvu za kujieleza upya kwa mtu mwingine, wala za kujifunza upya chai ya mtu ina vijiko vingapi vya sukari.

Kabla yake alikuwa na mchumba wa miaka minne, bingwa wa kusema "niko zamu". Alimwamini mpaka siku alipokutana na hiyo zamu sokoni, imebeba mtoto.

Alhamisi moja simu ya saa tisa haikuja. Sekunde aliamka mwenyewe, akasubiri, akapiga yeye. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, na tena.

"Nilikuwa juu ya paa napiga picha," Dakika alimwambia jioni, bila kumtazama. "Simu niliiacha chini. Nisamehe, mama."

Akamsamehe. Jumamosi alipokwenda kwake alimkuta amelala kochini na viatu miguuni. Akamvua viatu, akamfunika kwa koti alilorithi kwa marehemu baba yake, lililomfupia mikono, kisha akaichukua kamera mezani ili ajifurahishe na nyota za Alhamisi.

Picha ya kwanza ilikuwa nyeusi. Ya pili nyeusi. Akabonyeza mpaka kidole kikamuuma: arobaini, zote nyeusi tititi, za kuanzia saa tisa na robo. Wala si mawingu, maana mawingu ya mjini huwa na wekundu wa taa. Hapa kifuniko cha lenzi kilikuwa hakijatolewa. Mtu alikuwa ameiacha kamera ijipigie yenyewe ndani ya giza, akaenda zake, ili baadaye aseme alikuwa anapiga picha.

Hata kulia hakulia. Aliweka ufunguo wa mlango, ule aliopewa na Dakika, kando ya kamera, akatoka.

Simu zilianza saa moja baadaye.

"Sekunde, mbona ufunguo uko mezani?"

"Niache nipumzike."

"Nimekosa nini?"

"Nimesema niache nipumzike."

Dakika alikuwa mtu wa kutii. Akamwacha. Siku nne, siku tisa, wiki mbili. Mama yake Sekunde, aliyeishi naye, alivumilia hadi siku ya kumi.

"Yule wako wa mikate amesafiri?"

"Hajasafiri, mama."

"Basi nina haki ya kujua. Nimerudishwa kwenye mkate wa dukani bila kosa."

"Ni mwongo, mama. Kama yule mwingine."

"Ulimuuliza?"

Sekunde alikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Jumatatu ya wiki ya tatu fundi wa mashine, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuja kuihudumia eksirei. Foleni ilikuwa ikinung'unika nje.

"Piga moja tupu," fundi alisema. "Bila mgonjwa, bila mwale."

Alipiga. Kwenye kioo ikatokea picha ya giza.

"Angalia hapa," fundi akaonyesha vijidoa kwa kucha. "Huu uchafu ni wa mashine yenyewe. Tukishaujua, tunautoa kwenye picha za watu. Lakini kwa nini nakueleza? Wewe kila mwezi unaifanya."

Kila mwezi, kwa miaka kumi na moja. Sekunde alikaa kwenye kitanda cha wagonjwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akakumbuka Dakika aliwahi kumweleza habari ya kufunika lenzi, katika simu mojawapo ya saa tisa, naye akasikia nusu na kuitikia "mm".

"Unaumwa, binti yangu?"

"Nimekuwa mjinga, mzee."

"Hilo halionekani kwenye eksirei," fundi alisema, akaendelea na bisibisi yake.

Saa tisa alasiri alikuwa mbele ya kaunta ya mikate. Dakika alikuwa peke yake, anafuta trei. Amekonda. Aliinua macho, kisha akaendelea kufuta.

"Mkate umekwisha," alisema.

"Sikufuata mkate. Nilifungua kamera yako ulipolala. Niliona picha za Alhamisi."

Trei ikatulia. "Za giza?"

"Nilidhani uliiacha kamera ukaenda kwa mtu."

Dakika alisukuma trei kando. Hakuwa na hasira kubwa, na hilo lilimwuma zaidi. "Wiki mbili zote hizi nilidhani umeona umri wangu, au masikio haya yenye unga. Swali moja tu, Sekunde. Ungeniuliza."

"Nakuuliza sasa. Alhamisi ulikuwa wapi?"

"Si umeshajua?"

"Nimeshajua picha. Sijakuuliza wewe."

Aliweka kitambaa chini. "Mawingu yalikuja. Nikasema nipige za giza katika baridi ileile ya za nyota, zinasafisha uchafu wa kamera kwenye zile nyingine. Nikafunika lenzi, nikakaa kwenye ndoo. Nikalala. Kwenye ndoo. Simu inaita chumbani, wewe umekatiza usingizi wako kwa ajili yangu, mimi nakoroma juu ya paa. Niliona aibu, ndiyo nikasema nilikuwa napiga picha. Huo uongo ni wangu."

Sekunde alianza kucheka, na kicheko kikageuka machozi katikati ya duka, mbele ya trei tupu. Alimwogopa mwanamke mwingine kwa wiki mbili, kumbe mwanamke mwenyewe ni ndoo. "Nisamehe," alisema. "Nilikuhukumu kwa makosa ya mtu mwingine."

"Na mimi nilikuacha upumzike kama mpumbavu." Akazunguka kaunta. "Unajua, mpenzi, sisi na hivi vipande vyetu, tukivijumlisha..."

"Usinifananishe na nyota leo. Nimesimama tangu saa kumi na mbili."

Akamvutia gunia la unga, akamkalisha, na yeye akakaa sakafuni akaegemea goti lake.

"Sina nguvu ya kukutongoza upya," Dakika alisema.

"Usinitongoze. Nioe."

"Lini?"

"Siku yako ya mapumziko ni ipi?"

"Jumanne."

"Yangu Jumapili."

Wakapiga hesabu ya wiki kichwani, na kila walipoipiga siku hazikukutana. Dakika alifumba macho. Sekunde alihisi kichwa chake kikianza kuwa kizito gotini.

"Nitaomba ruhusa," alisema.

Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuomba ruhusa isipokuwa ya msiba. Alinyoosha mkono taratibu, asije akamwamsha, akachukua kalamu ya oda na karatasi ya kufungia mikate, akaandika jina la hospitali, tarehe, na chini yake: sababu ya ruhusa, ndoa yangu.