Jiwe la Visigino la Haji Bahgat

Lilianza doa la maji. Haji Bahgat, fundi magodoro wa mjini Tanta, alikuwa akisalisha adhuhuri kwenye msikiti mdogo wa mtaa wao, na alipoinua kichwa kwenye sijida akaona mkeka umelowa pale alipoweka kipaji. Alijigusa. Kipaji kilikuwa kikavu. Dari haikuwa na tundu, na joto la siku ile lilikuwa la kukausha nguo mwilini. Akavuta kanzu yake ikafunika doa, akatoa salamu kulia na kushoto kwa ile sauti nzito ambayo watu waliipenda, kisha akageuka kupokea mikono.

Mikono ilikuwa mingi. Mtaa mzima ulimheshimu kwa ajili ya alama yake ya sijida, nyeusi, pana, iliyokunjamana kama zabibu kavu katikati ya kipaji. Kwa alama hiyo walimtanguliza mbele asalishe. Kwa alama hiyo akina mama walimletea pamba zao bila wasiwasi, wakisema mtu wa namna ile hawezi kuchanganya pamba mpya na kuukuu. Na kweli hakuwa akichanganya, tusimsingizie. Kosa lake lilikuwa jingine.

Alama ile aliitengeneza mwenyewe. Alikuwa amesali miaka na miaka, kipaji kikabaki laini kama cha bwana harusi, huku Zaghlul muuza samaki, anayetukana wateja tangu asubuhi, akitokewa na alama bila hata kuitafuta. Wivu ulimkaba Bahgat. Ndipo alipoanza kujifungia bafuni kila asubuhi, akaweka jiwe la mkewe la kusugulia visigino chini, kando ya tundu la maji machafu, akapiga magoti, akainama kama anavyosujudu ili alama ikae mahali pake hasa, akasugua. Hata alipoipata hakuacha, akiogopa isije ikafifia. Insaf mkewe aliulizia jiwe lake mara moja tu. Alipolikuta lina ngozi nyeusi, alimtazama mumewe kipajini, akaenda kununua jingine. Bahgat aliona afadhali angemcheka.

Baada ya doa ilikuja harufu. Akisujudu msikitini, mkeka ulinuka tundu la bafuni, uvundo wa sabuni iliyooza na nywele za zamani. Akaogopa, na asubuhi moja hakwenda kusugua. Alasiri ya siku hiyo, alipoinama mbele ya safu, harufu ile ilimpanda puani ikashuka mpaka kooni, na alipotaka kuinuka akahisi kiganja baridi, kilicholowa, kimetua kwenye kisogo chake bila haraka, kikamkandamiza chini mpaka pua ikapinda juu ya mkeka, maji yakamchuruzika shingoni kuingia kwenye kanzu, na huko chini, chini kabisa ya mkeka na saruji, sauti nyembamba ikamwambia, "Asubuhi hukuja. Nimekungoja."

Kilipomwachia, alisema takbiri kwa sauti iliyokatika. Sala ilipokwisha watu walimbusu bega wakamshukuru kwa sijida ndefu.

Jioni alimweleza mkewe habari ya kiganja na sauti, ila jiwe hakulitaja. Insaf hakuonyesha kushangaa. Alijifunga mtandio, akampeleka kwa Shehe Mitwalli, kipofu anayewasomea maiti makaburini, ambaye walimkuta anamenya punje za dengu na kutema maganda kwenye sahani.

"Lete uso," alisema Shehe. Akaipapasa alama kwa kidole gumba. "Hii haikutoka kwenye mkeka. Sema mwenyewe, mkeo anasikia."

Bahgat alisema yote, macho yakiwa kwenye viatu vyake. Alitamani sakafu ipasuke. Hakuwahi kulitaja jiwe lile mbele ya Insaf.

"Bafuni," alisema Shehe. "Mtu mzima na ndevu zako. Hujui kule kuna wenyewe, majini?"

"Najua, Shehe. Naingia kwa mguu wa kushoto, na dua nasoma."

"Halafu unawainamia."

"Sikuwa nawainamia wao."

"Ulikuwa unamwinamia Mungu?"

"Hapana."

"Basi jini wa pale kaona kichwa kinashushwa mlangoni kwake kila siku, na hakina mwenyewe. Kakiokota. Wewe ungekiacha?"

Shehe akaeleza kwamba hana kisomo cha kumtoa, kwa kuwa jini yule hakuiba kitu. Dawa ilikuwa kwenda kwa wale aliowainamia kweli, yaani watu wa mtaa, na kuwaambia. Asipofanya hivyo, ipo siku kiganja hakitaondoka. Shehe aliwahi kumsomea marehemu mmoja aliyekutwa hivyohivyo, kipaji sakafuni, na mapafu yamejaa maji ndani ya nyumba kavu.

Kesho yake, kabla ya magharibi, Bahgat alisimama mbele ya safu. Alijua Insaf yuko nyuma ya pazia la wanawake.

"Alama hii ni ya uongo," alisema. "Nimeisugua kwa jiwe la visigino, bafuni, ili mnione. Mimi si mtu mnayemdhani. Nisameheni."

Aibu ilimchoma, lakini kifua kilikuwa chepesi, na kwa mara ya kwanza hakusikia ile harufu. Kisha Zaghlul akaangua kilio, akaja kumkumbatia.

"Nani kati yetu angejidhalilisha hivi?" alisema. "Haji, sisi tunakujua. Unajisingizia ili utufunze unyenyekevu."

Wakaja wote, wengine machozi yakiwatoka, wakambusu paji la uso palepale penye alama. Bahgat alifungua mdomo kuwakatalia. Angeweza. Lakini utamu ulikuwa umeshamwingia, mkubwa kuliko wa siku zote, na aliona haya kwa jinsi ulivyokuwa mtamu. Akainamisha macho, akaiacha sauti itetemeke zaidi kidogo ya ilivyotaka kutetemeka, akasema, "Niombeeni tu, ndugu zangu."

Nyuma ya pazia Insaf aliijua sauti hiyo. Ilikuwa sauti ambayo mumewe huitumia mbele ya wageni. Akaokota viatu vyake akatoka.

Watu wakamsukuma Bahgat mbele asalishe, naye akaenda. Kipaji kilipogusa mkeka, ulikuwa umelowa chapachapa. Kiganja kilitua kisogoni, safari hii taratibu, kama mtu anavyomshika mnyama wake mwenyewe.

"Hata toba hii," ilisema sauti, "umeniletea mimi."

Bahgat alijaribu kuinuka, kiganja hakikuondoka. Nyuma yake watu walianza kulia, kwa jinsi imamu wao alivyorefusha sijida.