Kwa Nini Rebeccah Alichuna Majani Mabaya

Huko Boito, kama unataka kujua nani anajua kuchuna chai, usiulize mtu. Enda tu senta ya kupima chai jioni, wakati watu wanangoja lori ya kiwanda. Kila mtu anamwaga majani yake juu ya meza. Karani anapita, anaingiza mkono, anageuza. Akipata majani magumu ama vijiti, anakwambia uchague tena. Utachagua mpaka mgongo ikatike.

Rebeccah hakuwa anaambiwa achague. Yeye alichuna majani mawili na kichipukizi, laini, yote sawa. Karani alikuwa kijana wa Kisii anaitwa Mageto. Akifika kwa majani ya Rebeccah aliweka mkono mara moja, akasema, "Sawa mama, leta kwa mizani," akaenda kwa mwingine. Wanawake walimtania Rebeccah ati vidole vyake vina macho. Yeye alicheka tu, akafunga leso yake.

Sasa ni hiyo sifa ilimletea shida. Ilifika kwa masikio ya Kipngeno.

Kipngeno ni bwana yake. Mtu wa ng'ombe, mtu wa kanisa, sauti nzito kwa kwaya. Ukikutana naye barabarani atakusalimia mpaka aulize habari ya kuku wako. Lakini wivu ya huyo mtu, wacha tu. Rebeccah akinunua mafuta ya kupaka, ni ya kupakia nani? Akivaa sweta mpya Jumapili, kwani kanisani kuna harusi? Akicheka kwa simu, leta hiyo simu nione. Mwishowe hata simu ilikuwa inalala chini ya mto ya Kipngeno.

Siku moja alimuuliza Rebeccah kwa nini majani ya wengine inarudishwa na yake hairudishwi. Rebeccah akajibu ni kwa sababu anachuna vizuri.

"Hapana," Kipngeno akasema. "Huyo karani unampatia nini?"

Rebeccah alidhani ni mzaha. Akacheka kidogo. Kofi ilimpata bado anacheka.

Wazee wa ukoo waliitwa, wakakaa. Kipngeno akaomba msamaha mbele ya watu, mursik, yale maziwa ya kulala, ikaletwa kwa kibuyu, kila mtu akanywa, wakaomba, wakaenda. Mama yake Rebeccah alimwambia avumilie, kwa sababu bwana mwenye wivu ni bwana mwenye mapenzi. Kabla mwezi iishe, Kipngeno alimpiga tena. Hii mara aliuliza jina moja tu. Mageto, Mageto, Mageto.

Basi Rebeccah akafikiria, akaona amepata dawa. Kama shida ni majani mazuri, si achune mabaya?

Unajua vile ni ngumu mkono uliozoea kuchuna vizuri uchune vibaya? Alijilazimisha. Alivuta majani magumu ya chini. Akachanganya na vijiti. Jioni Mageto akaingiza mkono, akausimamisha, akamwangalia Rebeccah kama mtu amemwona na viatu ya mtu mwingine.

"Mama, leo ni nini? Hii siwezi kupitisha. Chagua tena."

Wanawake wakageuka wote. Mmoja akauliza kama vidole zimefunga macho. Rebeccah aliinama akaanza kuchagua, na ndani yake alikuwa anafurahi. Alitaka hiyo habari ifike nyumbani mbele yake. Kipngeno asikie karani amemrudishia majani mbele ya watu, roho yake itulie.

Habari ilifika kweli. Lakini kuchagua majani ni kazi ya kukawia. Wengine walipima wakaenda. Rebeccah akabaki mwisho kabisa, yeye na karani na watu wa lori. Alipofika nyumbani, Kipngeno alikuwa amemaliza kukamua ng'ombe na amesimama kwa mlango.

"Kumbe sasa mmepanga vizuri," akamwambia. "Anakurudisha ndio mbaki wawili."

Alimshika shingo. Alimgongesha kwa mti ya mlango. Maxine, msichana wao mkubwa, alilia sana mpaka mbwa ya jirani ikabweka. Ni hiyo kelele ilifanya Kipngeno aachilie.

Siku iliyofuata aliamka akaenda na maziwa kama mtu hajafanya kitu.

Asubuhi hiyo Adoyo alipita. Adoyo ni mama ametoka upande wa ziwa, bwana yake anafanya kazi kwa kiwanda ya chai. Yeye ni mhudumu wa afya wa kijiji. Anatembea nyumba kwa nyumba kuuliza kama watoto wamechanjwa na kama choo iko. Alisimama kwa mlango na kusalimia kwa Kikipsigis chake cha kuvunjavunja, "Chamgei," vile amezoea. Rebeccah akajibu bila kugeuka. Alikuwa amejifunga leso kwa shingo na jua inawaka.

Adoyo akaketi. Akauliza kuna nini kwa shingo.

"Nilianguka kwa chai," Rebeccah akasema. "Pale chini kunateleza."

Hiyo jibu, huko Boito, hakuna mtu huuliza zaidi. Milima ni mikali, mvua ni ya kila siku, kila mchunaji ameanguka. Rebeccah alikuwa ameitumia hata kwa zahanati, na nesi akaandika hivyo.

"Pole," Adoyo akasema. "Hata mimi nimeanguka huko. Niliumia magoti. Niliumia mikono. Sasa Mama Maxine, shingo yako ilianguka aje peke yake?"

Rebeccah akafungua leso. Halafu ikatoka yote. Kofi, wazee, simu chini ya mto. Na aibu yake kubwa, ile alikuwa hajaambia mtu, ya majani mabaya.

Adoyo hakumcheka. Akamuuliza, "Ulipoharibu majani, wivu ilipungua?"

"Iliongezeka."

"Na ukiacha kuenda senta kabisa?"

Rebeccah akafikiria. "Atasema kuna mtu anakuja hapa nikibaki."

"Umeona. Leo umempatia majani. Kesho atataka usiende kanisa. Kesho kutwa usisalimie ndugu yako. Hiyo wivu si ya Mageto, na si yako. Ni ya Kipngeno. Huwezi kuiponya kwa kujiharibu wewe."

"Lakini mama yangu anasema ni mapenzi."

"Mapenzi haishiki mtu shingo. Na nikwambie ukweli, mtu akishafika shingo, mimi naogopa. Hiyo ndiyo huua."

Rebeccah aliangalia chai yake kupitia mlango. Mistari mingine alipanda mwenyewe akiwa na mimba ya Maxine. Akasema hofu yake. Akitoka, atapoteza chai. Atapoteza watoto. Na ukoo watasema amefungisha bwana yake jela.

Adoyo akavuta kiti karibu. Akamwambia kupiga mtu ni makosa ya sheria, hata kama ni bibi yako, hata kama mko kwa nyumba yako. Wazee wanaweza kupatanisha watu, lakini hawawezi kuzuia ngumi. Korti inaweza. Kuna amri ya ulinzi. Korti ikiona uko kwa hatari, inaweza kumkataza bwana asikukaribie, asikupigie simu ya kutisha, asikufuate kazini. Inaweza hata kusema yeye ndiye atoke, wewe na watoto mbaki.

"Yeye ndiye atoke?" Rebeccah akauliza. Alitaka kusikia tena.

"Yeye. Na kama kubaki ni hatari, kuna nyumba salama ya kukaa na watoto kwa muda. Haiandikwi nje, ndio asijue ni wapi." Kisha akamfundisha namba ya kukariri kichwani, kwa sababu simu ya Rebeccah inachunguzwa. Moja, moja, tisa, tano. Ni ya bure, usiku na mchana. Unapiga hata na simu ya jirani.

Rebeccah akainuka akatafuta karai aoge, aende hospitali msafi. Adoyo akamshika mkono. Akamwambia asioge na asibadilishe nguo. Daktari anahitaji kuona vile ilivyo. Achukue kitambulisho, na karatasi za kuzaliwa za watoto, na asimwambie Kipngeno kitu. Wakati wa kutoka ndio wakati mtu kama huyo anakuwa mkali zaidi.

Walichukua watoto, wakaenda hospitali pamoja. Nesi aliuliza, na Rebeccah akasikia mdomo wake unataka kusema chai. Akaumeza.

"Bwana yangu alinishika shingo," akasema. "Na ile siku nyingine niliambia zahanati nimeanguka, pia sikuanguka."

Aliogopa atagombezwa kwa kudanganya. Nesi alisema, "Asante kwa kuniambia," akamwita daktari. Walimpima, wakaandika kila alama. Mshauri alikaa naye kwa chumba kidogo, mlango umefungwa, akamsikiliza mpaka mwisho.

Kutoka hapo walienda polisi, kwa dawati la jinsia. Hiyo ni meza ya mambo ya nyumbani kama haya, na unaweza kuomba askari mwanamke. Yule aliyempokea alikuwa anaitwa Nyabate. Rebeccah alikuwa amejitayarisha kwa swali moja, ati ulimfanyia nini ndio akakasirika. Hakuulizwa. Nyabate alimpa fomu ya P3 daktari aijaze, akamwambia hiyo fomu hainunuliwi, na mtu akikuitisha pesa yake umripoti.

Kipngeno alishikwa. Rebeccah na watoto walilala kwa nyumba salama mpaka kesi ikasikizwa huko Sotik. Kwa korti Kipngeno alieleza habari ya karani na majani, kwa kirefu, na vile alikuwa anaendelea watu walikuwa wanaangaliana. Hakimu alitoa amri. Kipngeno akaishi kwa ndugu yake Fort Ternan, asikanyage boma, asionekane senta, na atume pesa ya watoto. Akaambiwa pia aende kwa mshauri juu ya hiyo wivu yake. Kesi ya kupiga nayo ikaendelea.

Nisikudanganye ati ukoo walishangilia. Wengine waliacha kumsalimia. Mama yake Rebeccah alikuja amejaa maneno, lakini akaona shingo, akakaa chini akalia. Siku hizi ni yeye anakaa na watoto jioni. Rebeccah naye amerudi kuchuna vile anajua.

Mvua ilipozidi, mabati ya jikoni ilianza kuvuja. Rebeccah akaita fundi, Obure. Obure akapanda juu na nyundo, Rebeccah akashika ngazi chini, wakawa wanazungumza habari ya misumari.

Ndipo akasikia sauti kutoka barabara ya chini. Sauti nzito, ile ya kwaya.

"Rebeccah. Huyo mwanaume juu ya nyumba yangu ni nani?"

Nyundo ikanyamaza. Maneno yakajipanga yenyewe kwa mdomo wa Rebeccah: ni fundi, ni mabati tu, ana bibi, muulize mama. Miaka yote alikuwa anajibu hivyo.

Hakujibu. Alitoa simu kwa mfuko wa aproni, akampigia Nyabate, akasema jina lake na mahali aliko. Akasema Kipngeno amevunja amri, amesimama hapa. Alisema kwa sauti ya kutosha kufika barabarani. Kipngeno alisimama kidogo, akaangalia juu, akaangalia chini, akaanza kurudi haraka njia aliyokuja. Hakufika mbali, polisi wakamshika. Korti ilimuuliza kama alikuwa ameelewa amri, akasema ameelewa, na sasa inaonekana ameelewa kweli.

Lakini siku hiyo Obure alishuka ngazi nusu, uso umejaa maswali.

"Mama, ulikuwa umwambie tu mimi ni fundi."

"Kwani ni lazima ajue?" Rebeccah akasema. "Panda, mvua inakuja."