Kaburi Chini ya Mlangilangi

"Humu hamna kaburi jipya, dada. Hajazikwa mtu tangu babu yangu hajaoa."

Machano, mtembeza wageni, alisema hivyo huku akicheka. Asila hakucheka. Aliushika ukuta wa makaburi hayo ya zamani.

"Una hakika, Bwana Machano? Hata hapa chini ya mti huu wa mlangilangi?"

"Wallahi! Kila wiki nnaleta wageni humu. Kwani unamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu."

Mwongo! Alikuwa akimtafuta Mbarouk, mwanamme aliyempenda kwa siri, kwao hawajui. Mbarouk alikwenda Maskati kutafuta kazi, na salamu zao zikawa zinapita kwa binamu wa Mbarouk, Muhannad. Siku moja Muhannad akaja analia: Mbarouk kafariki, maiti imeletwa, na yeye mwenyewe kashuka kaburini kumzika, makaburi ya zamani, chini ya mlangilangi. Wanawake hawafuati jeneza, na mapenzi ya siri hayana pa kuulizia. Asila alilia chooni, mfereji wa maji kaufungua, mama yake asisikie.

Sasa ni mwaka 2002, na Ijumaa hii anaolewa na huyo huyo Muhannad. Alijichanganya na watalii ili amuage marehemu wake. Marehemu mwenyewe hayupo!

Basi yuko wapi? Kafanywa nini? Asila aliogopa, jamani, na wala si makaburi. Alimuogopa mtu atakayelala naye Ijumaa.

Simu ikalia. Muhannad.

"Uko wapi, mpenzi? Kwenu wanasema umetoka tangu asubuhi."

"Nipo makaburini. Yale ya zamani."

Muhannad akapandisha sauti.

"Unafanya nini huko? Hebu toka! Nnakuja kukuchukua sasa hivi."

Machano na wageni walishafika getini, Asila amebaki peke yake. Maneno yakamtoka tu kwa hofu:

"Usije. Nipo na Mbarouk."

Alidhani atacheka, au atamwita mwendawazimu.

"Karudi lini kutoka Maskati?" aliuliza Muhannad.

Asila akakaa chini.

"Kumbe yu hai!"

"Asila, nisikilize... mimi nilikupenda kabla yake."

"Ukanizikia mtu hai? Nitumie nambari yake, ama nnakwenda kwa baba yako nikamweleza mbele za watu!"

Meseji ikaingia. Nambari ya Maskati, na chini yake: "Nisamehe. Usimwambie baba."

Asila akasimama, akapiga.

"Naam?"

Sauti ile ile!

"Mbarouk, ni mimi. Asila."

"Audhu billahi! Nani wewe? Asila kafa! Muhannad kamzika!"

Simu ikakatwa.

Kumbe na yeye alishazikwa! Asila akapiga tena. Ikaita, ikaita. Ikapokelewa, lakini mtu hasemi. Alisikia Ayatul Kursiy tu, inasomwa chini chini, kama ya kufukuza mzuka.

"Usikate, Mbarouk wangu. Ndiyo, nipo makaburini. Lakini nimesimama."

Kisomo kikasita. Kisha akasikia mwanamme mzima analia.

"Asila... Muhannad alinambia homa ilikuchukua."

"Hajanichukua mtu bado. Ijumaa kwetu kuna harusi. Biriani lishaagizwa, watu washaalikwa."

"Harusi ya nani?"

"Yangu. Bwana harusi tu ndiye hayupo."

"Mwambie mama yako asivunje shughuli," alisema Mbarouk. "Nnakwenda kutafuta tikiti."