Kijana wa Ngazi

Mungu anisamehe, mimi ndiye niliyemwambia Verna aifute ile chaneli. Nilijifanya mjuzi.

Verna Hostetler ni jirani yangu hapa Iowa, mjane, tunaimba naye kwaya moja. Kila mchana alikula tambi zake za kuoka mbele ya runinga, akitazama chaneli ya filamu za zamani kwenye kile kifaa cha intaneti kinachochomekwa kwenye runinga. Filamu mojawapo, ya nyeusi na nyeupe, ilipigwa hapa hapa mjini kwetu, wakati mumewe, marehemu Delbert, akiwa bado kijana ambaye hajamjua Verna. Wenye filamu walimbebesha ngazi, wakamwambia avuke barabara kwenye mvua ya bandia iliyomwagwa kwa mipira ya maji ya zimamoto. Basi. Anavuka, anapotea. Verna hakuwa na picha yake nyingine inayotembea.

Siku hiyo chaneli ilikuwa inakwamakwama.

"Ifute, shoga, halafu uiweke upya," nikamwambia. "Ni kama mume: ukimfukuza saa moja, akirudi ana adabu."

Akaifuta. Akaitafuta. Haikuwepo. Akawapigia simu wenye kifaa.

"Hiyo ilishaondolewa, bibi," kijana wao akamjibu. "Waliokuwa nayo wamebaki nayo. Ukiifuta, ndiyo imetoka."

"Mume wangu yumo humo."

"Pole, bibi. Kuna kingine nikusaidie?"

Verna hakulia. Alikaa tu, mwili umekufa ganzi kama mkono ulioulalia. Runinga akaiacha nyeusi mbele yake wiki nzima. Nilipompelekea supu alisema asante bila kugeuka.

Jumapili hakuja kanisani. Alikuwa kitini, jua limejaa sebuleni, ndipo barabara ile ya filamu ikatokea kwenye kioo cha runinga. Rimoti ilikuwa mezani, hakuna aliyeigusa. Mvua ilinyesha bila sauti. Delbert akaja na ngazi yake.

Hakuvuka.

Alisimama katikati. Akageuka. Akaiweka ngazi chini.

Verna akasikia maji yakidondoka kwenye zulia.

Hakuogopa; ganzi haikumwachia cha kuogopea. Mbele yake alisimama kijana mzima mzima, amelowa, wa rangi ya majivu kuanzia nywele hadi viatu.

"Del," akanong'ona.

Kijana akamtazama kwa heshima, kama unavyomtazama bibi wa watu.

"Samahani, mama. Mimi nimeambiwa nivuke tu. Hapa ni wapi?"

"Kwako. Kwa mkeo."

"Mimi sijaoa, mama."

Verna akamshika mkono. Wa baridi. Kijana akauchomoa taratibu, akaaga, akafungua mlango wa mbele, akatoka.

Haya alinisimulia jioni ile kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisa. Nilitaka kumwambia ameota. Lakini zulia lake ni la kijani, na kutoka kwenye runinga hadi mlangoni kuna nyayo za viatu vya kiume, na kila palipokanyagwa rangi imekufa. Tumesugua, wapi. Na kiganja chake cha kulia ni cha kijivu mpaka leo. Nikikifinya, anasema hasikii kitu.

Siku hizi anakaa dirishani, mlango hafungi.

Kwa hiyo nakuomba. Ukikutana na kijana aliyelowa akiulizia njia, usimkimbie. Mwelekeze kwa Verna. Mwambie si lazima amjue; aje akae tu.