Walinifukuza kwa Sababu Wasichana Hawakuugua

Mimi ni nesi wa miaka arobaini na sita, mama wa watoto wawili, na siku hizi nasimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa mjini Machakos. Zamani nilikuwa nesi wa shule moja ya bweni ya wasichana upande wa Kalama. Jina la shule nalificha. Lakini hasira yangu siifichi... na asiniambie mtu kwamba nisamehe!

Nilipofika pale nilikuta chumba cha wagonjwa kimejaa hadi sakafuni. Kuhara, homa ya matumbo, upele. Niligombana na mpishi mpaka maji ya kunywa yakachemshwa. Nikamsumbua mwalimu mkuu mpaka sabuni na maji ya kunawa yakawekwa nje ya vyoo. Wengine waliniita mama kelele. Waniite! Polepole wasichana wakaacha kuugua.

Alikuwepo Mwende, wa kidato cha pili, mwenye kifafa. Kila jioni kabla ya chakula alipita kwangu, akameza dawa yake nikimtazama, tukacheka kidogo, akaenda zake. Mwaka mzima hakuanguka. Wenzake hata hawakujua kwamba ni mgonjwa... Katika kazi yangu yote, hakuna nililojivunia kuliko hilo.

Rafiki yangu wa karibu alikuwa Kalondu, matroni wa mabweni. Tulikula muthokoi sahani moja. Mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyenishika mkono kaburini. Ningejuaje?

Bodi ya shule ikatangaza kwamba itakuja kupima huduma yetu ya afya, kama ni nzuri na kama inaleta faida yoyote. Nikapanga kueleza jinsi hali ilivyokuwa kabla sijafika. Kalondu akanikataza.

"Wewe nyamaza tu, mimi ndio nitaongea," aliniambia. "Mtu akijisifu mwenyewe hao wazee wanaona ako na kiburi. Mimi nimekaa hapa kukuliko, mimi ndio shahidi."

Nikakubali. Kwetu ni aibu mtu kujisifia kazi yake mbele ya wazee, na nililelewa kuamini kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Siku ikafika. Mwenyekiti akaingia, akakuta vitanda vyote vimetandikwa na hakuna mtu.

"Kitanda ziko wazi! Sasa huyu tunamlipa afanye nini?"

Wenzake wakacheka. Mimi nikamtazama Kalondu, nikingoja anitetee.

Akainamisha kichwa kwa adabu, akasema, "Mwenyekiti, huyu anakaa tu hapo nje akiota jua. Wasichana wakiugua wanakuja kwangu."

Ngai! Nilipofungua mdomo kujitetea, mwenyekiti alisema wameshasikia ya kutosha. Mwisho wa mwezi nikaachishwa kazi. Na nani alichukua nafasi yangu? Binti wa dada yake Kalondu, aliyetoka chuoni juzi tu! Kikulacho ki nguoni mwako.

Habari za huko nilizipata kwa mpishi, yule yule niliyegombana naye. Maji yaliacha kuchemshwa kwa sababu hakuna aliyeuliza. Sabuni ikaisha. Nesi mpya akamwambia Mwende kwamba ameshakuwa mkubwa, ajiwekee dawa mwenyewe. Mtoto akaona haya kumeza mbele ya wenzake bwenini, akaanza kuruka siku. Asubuhi moja akaanguka kwenye foleni ya maji ya moto, ndoo ikammwagikia shingo na mkono wote...

Nao wanaume wa bodi? Siku ya wazazi mwenyekiti alisimama akasema kwamba sasa shule imepata nesi wa kufanya kazi, vitanda vimejaa! Watu wakapiga makofi. Katika kimojawapo cha vitanda hivyo Mwende alilazwa akilia kabla ya kupelekwa hospitali. Naye alihesabiwa kuwa kazi nzuri ya nesi! Jamani, hawa ni watu?

Juzi mama yake Mwende aliingia dukani kununua bandeji. Akanitambua, lakini hakunisalimu.

"Nesi, si ulituacha tu hivyo?" aliniuliza. "Matroni alituambia umepata kazi ya pesa mingi Nairobi. Mtoto amekataa kurudi shule. Kila siku ananiuliza alikukosea nini."

Nilimweleza yote huku machozi yakinitoka. Alisikiliza, akalipa, akaondoka. Sijui kama aliniamini.

Manesi wenzangu, msingoje mtu awasemee! Ugonjwa uliouzuia hauna mtu wa kuuona, kwa hiyo sema wewe, hata wakikuita mwenye kiburi. Nanyi mnaokaa kwenye bodi za shule, mkikuta vitanda vitupu, waulizeni wasichana walikuwa wakiishi vipi hapo awali. Kwangu hakuna aliyeuliza.

Na wewe Kalondu, kama unasoma haya... mkono wa Mwende haunyooki tena. Nenda ukautazame!