Jina la Shemeji

Burulkan alimbeba mjukuu wake mgongoni akateremka njia ya theluji. Saikal alikuwa na miaka saba, na miguu yake haikuwa na nguvu. Kila mwaka mtoto alizidi kuwa mzito. Kila mwaka bibi alizidi kuchoka.

"Bibi, unahema kama ng'ombe."

"Ng'ombe angekuwa ameshakubwaga."

Walikuwa wakienda kituo cha watoto cha kijiji. Huko Saikal alinyooshwa viungo, akafundishwa kusoma, akapewa uji wa moto. Mama yake alikuwa Urusi, akifagia barabara. Bila kituo, Burulkan hangepata nafasi ya kukamua ng'ombe wala kukusanya kuni. Saikal angepelekwa kwenye bweni la serikali mjini, safari ya siku nzima.

Mlangoni walimkuta Meerim, ofisa wa ustawi wa jamii, akisoma tangazo.

"Kituo kitafungwa, mama," alisema. "Katika rasimu ya bajeti, fedha zetu zimehamishiwa uwanja wa mbio za farasi."

Burulkan aliketi kwenye ngazi, mtoto angali mgongoni. "Basi. Tumeshazoea."

"Hujazoea. Umechoka. Hii ni rasimu, haijapitishwa. Alhamisi kuna kikao cha wazi, na kila mkazi anaruhusiwa kusema."

"Nikaombe? Wataniambia kulea ni kazi ya ukoo."

"Ukoo wenu una mtaalamu wa viungo? Kodi unalipa, mama. Huendi kuomba, unakwenda kudai. Ila dai vizuri. Mtaje unayemdai, sema unachotaka, sema lini ujibiwe. Ukisema tu 'serikali itusaidie', karani ataandika 'wananchi walitoa maoni', na habari itaishia hapo."

"Nimtaje nani?"

"Mwenyekiti wa halmashauri."

Burulkan akacheka kicheko kikavu. Mwenyekiti alikuwa kaka wa marehemu mumewe. Kwa mila yao, mwanamke aliyeolewa hatamki jina la kaka wa mumewe mpaka anaingia kaburini. Kwa miaka thelathini na minane alimwita Baba Mkubwa. Hata mtoto wa jirani mwenye jina lile lile alimwita "wewe mdogo".

Alhamisi ukumbi ulijaa wanaume na kofia zao. Burulkan alisimama, magoti yakimuuma.

"Namuuliza Baba Mkubwa habari za kituo," alisema.

Karani aliinua kalamu. "Baba Mkubwa yupi, mama? Humu wamejaa."

Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka, akafunua ukurasa mwingine.

Burulkan alimtazama Saikal, aliyelala mapajani mwa Meerim.

"Toktobek," alisema. Kicheko kikakatika. "Andika, karani. Toktobek, nataka fedha za kituo zirudishwe. Nataka jibu la maandishi kabla ya sikukuu ya Nooruz. Mjukuu wangu hatembei, na mimi mgongo umekwisha."

Kalamu ikaandika. Kisha mwanamke wa safu ya nyuma akasimama, na yeye akamtaja Toktobek. Wakasimama wengine saba.

Barua ya jibu ilifika wiki moja kabla ya Nooruz, mwaka mpya wa machipuko. Fedha zilirudishwa. Kituo kikaongezewa mlezi mmoja na gari la kuwachukua watoto majumbani. Asubuhi ya kwanza gari lilipoondoka na Saikal, Burulkan alilala tena mpaka jua likapanda. Hakukumbuka mara ya mwisho kufanya hivyo.

Aliamshwa na Ayimkan, mke wa mwenyekiti.

"Shemeji yako hatoki nje kwa aibu," alisema Ayimkan. "Ulimvua nguo mbele za watu. Pika chochote, twende ukamwombe radhi, yaishe."

Burulkan alimmiminia chai ya maziwa. "Kikao kingine ni msimu wa vuli. Njoo nawe, una wajukuu."

"Nakwambia habari ya radhi!"

"Nimekusikia, dada. Kunywa chai. Siombi radhi."